Mwenye Msafara Asimame

Asubuhi ile nilikuwa nyuma ya bani, ile nyumba yetu ya kukaushia tumbaku, nakosha masufuria ya jumuiya ya kanisa. Ni makubwa kiasi kwamba ukiinama kusugua chini kichwa chote kinaingia, na humo ndani hakuna mtu wa kukuangalia usoni na kukwambia pole. Nilikuwa nimekazana na moja hilo hilo muda mrefu. Pembeni limeandikwa kwa rangi nyekundu "Mt. Yosefu, rudisha", maana misiba ya huku kwetu Itetemia inapenda kumeza vyombo vya watu.

Chakula cha kumzika kaka yangu Vedasto kilikuwa kinapikwa, ila Vedasto mwenyewe alikuwa hajafika. Alikuwa anakuja kwa ndege, halafu kwa gari. Aliondoka hapa kwenda kusoma ufundi wa mitambo kule. Nyumbani hatulitaji jina la ile nchi, baba kakataza, tunasema kule tu. Huko kule alisoma kidogo, ada ikapanda, wakampa kazi ya kulinda maghala, akasaini, na ghala la kwanza alilopelekwa likawa handaki la vita. Si vita vyetu, wala vya jirani yetu. Rais wa kule aliamka akaingiza jeshi kwenye nchi ya watu.

Gari lilipopiga honi wanawake waliacha miiko. Jeneza lilikuwa limefunikwa bendera ya kule, imekazwa na mkanda wa plastiki kama mzigo wa juu ya basi. Alishuka mtu wa suti, akajitambulisha kuwa ni Bwana Anton, mkalimani wa ubalozi. Nyuma yake akashuka mgeni mwenyewe kutoka ubalozini, kijana mrefu mweupe, masikio yameshaiva kwa jua, na tukashangaa anaongea Kiswahili cha kueleweka kabisa.

"Shikamoo mama," mgeni alimwambia bibi yetu Minza.

"Marahaba. Nifungulie nimwone mjukuu wangu."

Mgeni akamtazama Anton.

"Halifunguliwi, bibi," Anton alisema. "Ni utaratibu wa kitaalamu."

"Kwa hiyo nazika sanduku."

"Unazika shujaa."

Bibi alirudi chini ya turubai kwenye kiti chake cha mbele. Anton akamfuata huko huko, akamwomba ahame, kwa sababu mgeni anatakiwa akae karibu na jeneza na kuna picha zitapigwa. Bibi ana magoti mabaya. Walimnyanyua watu wawili, wakamshusha mkekani na wanawake wengine. Mgeni hakukaa kwenye kile kiti, alikuwa amesimama anapeana mikono na wazee. Kilichokaa ni mkoba wa Anton.

Baba yetu, Wenceslaus, alikuwa anasema "sawa" tu. Anton alimvuta pembeni, karibu na masufuria yangu, akampa mpango. Mgeni atasoma hotuba, atakabidhi nishani. Halafu akashusha sauti.

"Kuna neno dogo, mzee. Wasemaji wasiseme kauawa. Waseme kafa akiwa kazini. Na akina mama, mgeni akiwa anasoma, wajitahidi wasipige kelele."

"Sawa."

Baba si mwoga. Alishamfukuza mnunuzi wa tumbaku pamoja na mizani yake ya uongo mpaka akamfikisha lami. Ila mtu akija kwako na suti na jeneza la mwanao kwa wakati mmoja, hujui ugombane na kipi.

*

Watani walifika mchana kutoka Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, babu zetu wakipita kwao na mizigo vichwani kwenda Bagamoyo. Msibani mtani hana adabu na hatakiwi kuwa nayo. Atawatukana, atakula nyama kabla ya wenye msiba, atashuka kaburini akae humo mpaka mtoe faini, na nyie hamruhusiwi kukasirika. Siku ya kuanua matanga mwenye nyumba anasimama, anayataja yale matusi, anasema "tumefuta", na kila kilichosemwa kinakufa. Neno lisipofutwa, wazee wetu wanasema, linabaki linakaa na nyumba.

Mkubwa wao alikuwa Bi Sikudhani, mama wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na mume wa reli. Mume alikufa, yeye akabaki anakaanga vitumbua vyake Ng'ambo. Aliingia uani anacheka.

"Hodi wapagazi. Nasikia mmebeba tena mzigo wa watu."

"Umekuja kulia au kucheza ngoma?" bibi Minza alimuuliza toka mkekani.

"Nitacheza nikishiba. Na wewe mbona uko chini, wamekuuza?"

"Kiti kimepewa mkoba."

Bi Sikudhani alikiendea kile kiti, akauchukua ule mkoba kwa vidole viwili, akamtwisha kichwani Mustafa, fundi viatu, Mzaramo mwenzake. "Beba, Mustafa. Leo ujifunze Unyamwezi." Mustafa akazunguka nao turubai lote anachechemea na kuhema kama yuko njia ya Bagamoyo. Watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu taarifa ije. Bibi akarudishwa kwenye kiti. Anton alitabasamu kwa meno ya mbele tu.

Baadaye Bi Sikudhani alikuja nyuma kudai nyama yake. Mama alikuwa anachochea moto. Mama anaitwa Recheli, alikuwa Mmoraviani akahamia Katoliki kwa ndoa, na mpaka leo akipika anaimba nyimbo za kwao. Siku ile alikuwa haimbi. Alimpa mtani wake pande la ini, akaongea bila kunyanyua kichwa.

"Bi Siku. Mwanangu kauawa na nani?"

"Unaniuliza mimi?"

"Baba yake kakatazwa kuuliza. Mimi nimekatazwa kulia. Katekista kapewa maneno ya kusema. Wewe, hapa, nani anaweza kukukataza?"

Bi Sikudhani alitafuna lile ini taratibu mpaka likaisha.

"Hilo zito, Mama Veda. Mimi huwa nawatania miguu yenu iliyopinda."

"Miguu yetu imenyooka. Nenda kaulize."

Mimi nikarudisha kichwa ndani ya sufuria.

*

Kaburi lilichimbwa nyuma ya shamba la karanga, ubavuni kwa babu. Tulipofika na jeneza, Bi Sikudhani alishakuwa ndani. Kakaa chini kabisa, kanga kaikunja mapajani, anamenya karanga alizozing'oa njiani na maganda anayarusha juu kwenye viatu vya watu.

"Simpokei," alisema. "Rudini naye."

Katekista Luhende alifunga kitabu akaegemea jembe. Kazika wengi hapa, anajua mambo yanavyokwenda.

"Sema faini, Mzaramo, jua kali," mtu alipiga kelele huku nyuma.

"Leo si hela. Leo kesi. Kijana mzima, ana meno yake yote, kafa. Nani kamuua? Mustafa, simama hapo juu. Wewe ndo rais wa kule."

Mustafa ni kama alikuwa anasubiri kuitwa. Alichukua koti la baba begani kwake, akalivaa, mikono ikamzidi. Akageuza ndoo, akapanda juu, akaivuta shingo ndani na kuangalia mbali. Vijana wawili wakamshika huku na huku asianguke, na yeye akawafuta vumbi mabegani kama wanajeshi wake.

"Mshtakiwa," Bi Sikudhani aliuliza toka shimoni, "siku Vedasto anapigwa ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nakunywa chai."

"Na vijana wako wa kuzaa?"

"Walikuwa na mafua."

"Vita nani kaanzisha?"

"Vilianza vyenyewe, mama. Kama mvua."

"Mvua ya huku haijawahi kumwita mtu asaini. Hebu tuambie, wale jirani zako waliingia kwako, au wewe uliingia kwao?"

Mustafa alijikuna. "Niliingia kidogo."

"Walikuita?"

"Walikuwa wananihitaji, ila walikuwa hawajajua."

Watu walicheka mpaka wa mbele wakashikana wasitumbukie. Hata mgeni alicheka, nadhani kwa heshima tu. Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia ule mkanda wa plastiki.

Mustafa naye akanogewa, akaanza kujitetea. "Ila mheshimiwa, kuna kitu mnasahau. Marehemu alisaini mwenyewe. Kwa mkono wake. Mimi sikumburuta mtu."

Kicheko kikakatika. Hilo ndo neno lililokuwa linazunguka Itetemia tangu taarifa ije, bombani, kilabuni, kwenye ngazi za kanisa: si alisaini mwenyewe. Baba aliinama kama mtu aliyeona kitu chini. Aliniambia baadaye kwamba pale alitamani Mustafa ashuke, ardhi ifunike, kila mtu aende kwake. Mustafa mwenyewe alijua kagusa pabaya, akabaki ameshika ncha za lile koti.

Bi Sikudhani aliacha karanga. Alisimama, na kwa sababu ni mfupi, tulichoona ni kichwa na mabega tu.

"Hata babu zao hawa walikubali kubeba," alisema. "Wengine walipanga foleni. Wamepita kwetu na pembe za ndovu za watu vichwani, wakatuibia mihogo, tukawatukana, ndo utani huu mnaouona. Sasa mpagazi akifia kwetu, bibi yangu alikuwa anasimulia, tulikuwa tunafunga njia. Hatuulizi kama marehemu alikubali kubeba. Mpagazi anakubali, ana njaa, atakataaje. Tunauliza mzigo wa nani. Mwenye msafara asimame. Aseme huyu kafia nini, atoe faini, ndo tunampa shimo. Na asipotaka kuja mwenyewe akamtuma mtu, basi huyo mtu ni mdomo wake."

Alinyoosha mkono akapiga ubao wa jeneza.

"Mzigo huu wa nani?"

Upepo ulikuwa unachezea pindo la ile bendera.

"Si wetu," mama alisema. Hakupaza sauti.

"Basi mwenyewe asimame."

Anton alikuwa ameshaangalia saa sana. Mgeni alimwinamia akamuuliza kama hii ni mila, na nilimsikia Anton akisema ni mila tu, wanataka kitu kidogo ili yule mama atoke. Anton kazaliwa mjini. Watani wake, kama anao, hajawahi kuwahitaji. Mgeni akachomoa noti. Alipiga goti mpaka suruali ikashika udongo, akamnyooshea Bi Sikudhani kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

Bi Sikudhani hakuipokea.

"Wewe ndo mwenye msafara?"

"Hapana, mama. Mimi ni mjumbe wake."

"Hii unatoa ya kwako au ya kwake?"

"Kwa niaba ya rais wetu," mgeni alisema, na akanyoosha mgongo kama yuko kwenye kipaza sauti. Nadhani ni maneno aliyoyazoea, yanatoka yenyewe.

Ndo Bi Sikudhani akaipokea. Aliinyanyua juu, watu wote waione.

"Mmesikia. Faini imetoka kwake. Asiye na kosa hatoi faini. Rais wa kule kamuua Vedasto Wenceslaus kwa vita alivyovianzisha mwenyewe, hakuchokozwa, hakuitwa. Kakubali mbele ya kaburi. Haya nitoeni humu, kuna siafu."

Wakamvuta. Kabla hajasimama vizuri bibi Minza alilia. Alilia kile kilio cha kizamani kinachoanzia tumboni, wanawake wote wakamfuata, na Anton alinyanyua mkono kuwatuliza, mkono ukabaki juu peke yake. Mama alimwomba Mustafa kisu chake cha kukatia ngozi. Akakata ule mkanda, akaikunja bendera vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia mgeni. "Hii yenu, baba." Halafu akavua kanga yake ya juu akamfunika Vedasto.

Hotuba haikusomwa. Nishani ilirudi nayo mfukoni.

*

Kesho yake video ya pale kaburini ilikuwa kwenye simu za Tabora nzima. Ndugu zetu wa Lusu, wilaya ya Nzega, walipiga kuuliza kama ni kweli tumemfunga rais. Mtendaji wa kata alikuja na pikipiki, akakaa kwenye ncha ya kiti, akakataa chai.

"Mzee Wence, nchi na nchi zina heshima zao. Mimi sikwambii kitu. Naomba tu msiongeze."

Jioni ile ile akapiga Anton. Baba aliweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo nyumba nzima tulisikia.

"Mzee, mimi siombi kitu kigeni. Jumamosi si mnaanua matanga? Si ndo mila yenu kusema tumefuta? Basi sema kama mnavyosemaga. Futa yote. Mtu arekodi, anitumie, niwaoneshe wakubwa kwamba ulikuwa mchezo. Yule kijana wanataka kumrudisha kwao kwa ile noti. Na mimi sijui kama nina kazi."

"Sawa," baba alisema.

"Na huyo binti yako nasikia anafanya vizuri. Zipo nafasi za masomo. Uuguzi, chochote anachotaka. Kule kule."

Simu ilipokatika baba aliendelea kuishika. Baba mdogo Sixbert, anayefundisha uraia sekondari, alikuwa amekaa mlangoni.

"Futa, kaka," alisema. "Ile haikuwa mahakama."

"Na mahakama yenyewe iko wapi?" mama akauliza.

"Ipo, Ulaya. Na kosa lenyewe lipo, limeandikwa kabisa. Kiongozi akipeleka jeshi kwenye nchi ya mtu bila haki, anashtakiwa yeye mwenyewe. Ila nchi yake iwe imeikubali hiyo mahakama. Na kule hawajaikubali."

"Kwa hiyo mwizi wa ng'ombe anaulizwa kwanza kama anakubali kushtakiwa."

"Shemeji, mimi sikuitunga."

"Sijasema umeitunga. Vedasto angepiga raia kule, mama na mtoto wake mgongoni, wangemshtaki?"

"Askari wa chini? Upesi sana."

"Basi niambie mwalimu. Mwanangu na bunduki ya kupewa, anashtakiwa. Aliyempa, anaombwa ruhusa. Wanafunzi wako hilo unawaelezaje?"

Baba mdogo alivua miwani akaifuta na shati.

"Nawaambia wakariri," alisema.

Baba akaweka simu mezani. "Nyie mnaongea," alisema. "Mimi nalima tumbaku. Nikibaki na lile neno humu ndani linanisaidia nini? Yule mtu hatakosa usingizi kwa sababu ya Wenceslaus wa Itetemia. Mtendaji atakuwa ananipita bila salamu. Na huyu atakosa shule."

"Atakosa kwenda kule," mama alisema. "Wamsomeshe pale pale walipomsomeshea kaka yake?"

Nilitaka kutoka, ila baba mdogo alikuwa kaziba mlango. Mimi huwa siulizwi mambo, na ninashukuru. Baba akanigeukia.

"Bertila. Shule ni yako. Sema."

Nikatikisa kichwa.

"Kwa mdomo."

"Sitaki ya kule," nilisema, na ilitoka ndogo mno, ikabidi nirudie. Ya pili ilitoka kubwa kupita nilivyotaka, mpaka bibi akauliza toka chumbani nani anagombana.

Baba hakusema ataamua nini. Alienda kwenye bani kupanga magunia ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

*

Siku ya matanga tulinyolewa, tukaosha nguo, tukapika matobolwa, vile viazi vya kukaushwa, tukala na karanga na chai. Watani walikuja wamevaa vizuri, maana siku hiyo wao ni wageni. Mtendaji naye alikuja. Anton alikuwa ameshatuma ujumbe asubuhi kwenye simu ya baba: nasubiri video, mzee wangu. Ezekia, binamu yetu wa Lusu, alipewa kazi ya kurekodi, akasimama juu ya benchi.

Baba alisimama, kavaa lile koti alilolivaa Mustafa.

"Watani zetu, mmetutukana vizuri," alianza. "Mlisema miguu yetu imepinda. Tumefuta."

"Tumefuta," ukoo ukaitikia.

"Mlisema mama yangu kauzwa. Tumefuta."

"Tumefuta."

"Mmekula ini lote, mimi mwenye nyumba nikaambulia supu. Tumefuta, ingawa kwa uchungu."

"Tumefuta," wakacheka.

Hapo alimtafuta mama kwa macho, akampata jikoni mlangoni, halafu akaangalia chini.

"Mlisema rais wa kule kamuua mwanangu."

Mtendaji alikohoa. Ezekia juu ya benchi alishika simu kwa mikono miwili.

"Hilo silifuti," baba alisema.

Watu hawakujua waitikie nini, hakuna kiitikio cha hilo. Mzee mmoja wa ukoo alisema kwa upole, "Wence, huwa hatufuti nusu. Neno likibaki linakaa na nyumba."

"Likae. Nafasi ipo. Kuna kitanda hakina mtu."

"Utakuwa umefanya kisasi ndani ya utani."

"Si kisasi, mzee. Kisasi ningekuwa na bunduki. Mimi nina neno tu, na mnataka nilifute na hilo. Mwanangu alisaini, ndiyo. Kashalipa. Mpagazi kashalipa kila kitu alichokuwa nacho. Nataka kujua mwenye mzigo analipa lini. Mpaka siku hiyo, hukumu ibaki kama ilivyosomwa."

Bi Sikudhani aliweka kikombe chini.

"We Mnyamwezi, unajua unanifanya nini? Lile neno nimelitoa mimi. Lisipofutwa, na mimi nabaki nalo. Nikiitwa na wakubwa, siwezi kusema nilikuwa natania."

"Najua, Bi Siku. Nakuomba."

"Mnyamwezi ananiomba." Aliwaangalia wenzake, akamwangalia Mustafa ambaye alikuwa anajikuna kweli safari hii. Halafu akavuta kanga, akaifanya kata, akaiweka kichwani. "Haya, nitwisheni. Leo Mzaramo ndo mpagazi. Ila nikichoka njiani msiniibie mihogo."

Bibi Minza alicheka mpaka akashika magoti. Mtendaji alisimama, akaaga watu wawili watatu, akaondoka na pikipiki yake bila kumwangalia baba.

"Umerekodi?" baba alimuuliza Ezekia.

"Nimerekodi, baba mkubwa."

"Yote?"

"Yote."

"Mtumie Bwana Anton. Si alitaka video."

Ezekia akaituma kwanza kwenye simu ya baba, halafu wote wakarudi kwenye chai. Mama aliniita jikoni, simu kaishika yeye. Macho yake hayaoni herufi ndogo.

"Mtumie hiyo video, na chini yake andika ninachosema. Usiongeze lako."

Nikaandika. Alikuwa anasema taratibu huku anakwangua ukoko, na mahali pamoja alinifanya nifute nianze upya kwa sababu niliweka neno "tafadhali". Ukaisha hivi:

"Bwana Anton, mimi ni mama yake Vedasto. Video ndiyo hiyo, mume wangu kafuta yote yanayofutika. Yule kijana wenu msimwonee kwa ile noti, alisema ukweli kuwa katumwa. Mwambie aliyemtuma, au yeyote huko mwenye mdomo, anijibu jambo moja. Rais wenu atasimama lini kushtakiwa, na wapi? Nikijua siku nitakuja. Sihitaji kualikwa."

"Soma," mama alisema. Nikasoma. "Tuma."

Nikatuma. Vitiki viwili vilitokea, vya kijivu. Nje Wazaramo walikuwa wameanza ngoma kwa kupiga ndoo. Nilipoangalia tena vitiki vilikuwa vya bluu, na juu kabisa paliandikwa anaandika. Ikapotea. Ikarudi, ikapotea tena.

"Kajibu?" mama aliuliza.

"Kasoma."

"Sikukuuliza hivyo."

"Hajajibu."

Alinipa sufuria, akanionesha kwa kidevu palipobaki ukoko.

"Chaji iko ngapi?"

"Ndogo."

"Kaichomeke kwa baba yako mdogo. Isizime."